Siku Nilizokuwa Mbaruku

Njia niliyopita mpaka kufika Tupowote sitaieleza. Mtu aliyeondoka kwao kwa sababu kisima cha mwisho kimetoa matope hakumbuki njia. Anakumbuka kiu, na nyuso za waliobaki. Mimi ni Ngwali Hemedi, fundi wa kuchimba visima, mzaliwa wa Mawanda. Kwetu mvua ilikosekana miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa tatu nilichimba pima thelathini nikagonga mwamba mkavu. Nilipopanda juu hakuna aliyeniuliza kitu, waliona mikono yangu ilivyo na vumbi jeupe. Wiki ile ile nikafunga mzigo.

Tupowote ni nchi yenye ukuta, na langoni mwake pamechongwa maneno haya juu ya jiwe: IDADI YETU NI LAKI TATU NA ELFU KUMI NA MBILI. HAIJAPUNGUA. HAITAONGEZEKA. Chini ya jiwe hilo, mezani, alikaa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Aliitwa Bwana Fikirini, na cheo chake kilikuwa Mjazi.

"Unatafuta nini?" akaniuliza.

"Kazi, bwana. Na maji."

"Hapa hatupokei wageni. Nchi imejaa, tupo wote." Akafunua daftari kubwa, akalamba kidole, akashuka nacho ukurasa mzima. "Lakini Mbaruku bin Shehe hakuitikia leo. Una umri wake, kimo si haba. Karibu nyumbani, Mbaruku."

"Bwana, mimi naitwa—"

Akaninyamazisha kwa kiganja. Hakukasirika. Alinishika bega akanipandisha mnara wa lango hadi dirishani, akanionyesha upande wa pili wa nchi, ambako ukuta ulikuwa na mlango mdogo, na nje ya mlango uwanda mweupe wa chumvi usio na mwisho. Niliona vitu kama visiki vimepangwa mstari, kimoja nyuma ya kingine, hadi macho yanapokoma. Nikakaza macho. Vilikuwa watu waliokaa chini.

"Wale ni ziada," akasema. "Kila mmoja alikuwa na jina alilotaka kumaliza kulitamka. Sasa niambie, unaitwa nani?"

"Mbaruku," nikasema. "Mbaruku bin Shehe."

Akaandika.

Sheria yao niliielewa baadaye, na nitaieleza kama nilivyoelezwa. Zamani walianza kuondoka watu wa Tupowote, kwanza wachache, halafu kaya nzima nzima. Wakuu wa nchi waliona aibu. Badala ya kuuliza kwa nini watu wanaondoka, walitunga sheria kwamba hakuna aliyeondoka. Aliyeondoka alihesabika yupo, na jina lake lilibaki kwenye nyumba yake, shamba lake na cheo chake. Kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kazi iliyokuwa wazi hata moja nchini, maana zote zilishikwa na majina. Vijana walisoma, wakangoja, wakachoka, wakaondoka nao. Na kwa kuwa mashamba hayalimwi na majina, wageni waliopiga hodi langoni waliingizwa kimyakimya ndani ya majina hayo. Mbele ya watu, mkuu yeyote angekuapia kwamba hajawahi kumwona mgeni wala mhamaji maishani mwake.

Nilipelekwa kwa mama yangu.

Bi Mwanatumu alikuwa akipepeta mtama barazani. Alikuwa mwanamke mwembamba, amekaza kitambaa kichwani mpaka ngozi ya paji la uso ilivutika. Askari aliyenileta alisema, "Mwanao amerudi kutoka shamba." Yeye akaweka ungo chini, akanitazama miguu, si uso.

"Karibu, mwanangu," akasema.

Askari alipoondoka aliingia ndani akafunga mlango, nikasikia kishindo cha mtu anayekaa sakafuni kwa ghafla. Sikusikia kilio. Alipotoka alikuwa ameshika kata ya maji. Nikanywa, akanijazia tena.

"Nisikilize," akasema kwa sauti ya chini. "Wakaguzi wanakuja wakati wowote. Mbaruku hula kwa pupa. Akicheka huziba mdomo, ana jino limekatika. Na mimi hajawahi kuniambia 'hapana'. Hata akikataa jambo hunyamaza tu. Wewe usije ukasema hapana."

"Sawa, Mama."

Neno hilo lilimchoma, niliona. Lakini alitikisa kichwa kukubali.

Kila alfajiri watu wa mtaa wetu waliitwa uwanjani kwa Uitikio, kama mitaa mingine ilivyoitwa kwake. Mjazi alisoma majina, na kila mtu alijibu "Nipo." Asiyeitikiwa jina lake alfajiri mbili, nyumba yake ilibomolewa, na wazazi wake wakaandikwa kwamba hawakuwahi kuzaa. Ndiyo maana Bi Mwanatumu alinihitaji, na ndiyo maana alinichukia. Siku za kwanza jina la Mbaruku lilipotajwa, mara mbili nusura nisitoe sauti. Bi Mwanatumu, aliyesimama mbele yangu, alirudisha mkono nyuma akanifinya paja mpaka nikasema.

Nilipewa shamba la Mbaruku. Nilikuta limepandwa ovyo, mtama umeingiliana na magugu, kwa sababu majirani wote walikuwa watu kama mimi, wa kujazia, kila mmoja ametoka kwenye udongo mwingine. Hakuna aliyejua tena siku ya kupanda katika ardhi ile. Niliona harusi moja. Shangazi wa bibi harusi walikuwa saba, na wote saba walikuwa wageni waliopewa majina ya shangazi. Ulipofika wakati wa kumwimbia binti wimbo wa kumtoa nyumbani, walitazamana. Hakuna aliyeujua. Wakapiga makofi bila wimbo, taratibu, mpaka binti akaanza kutetemeka, na mama yake akaomba wamalize.

Jirani yangu wa shamba aliitwa Bi Riziki. Alikuwa amejaza jina hilo miaka kumi na mmoja. Siku moja tulikuwa peke yetu palizini, nikamuuliza pole pole, "Kabla ya Riziki, dada, ulikuwa nani?"

Aliacha jembe. Midomo yake ikacheza.

"Lilikuwa linaishia na 'la'," akasema. "Ngoja. Mama alikuwa akiniita kutoka jikoni... la... la..." Akajaribu tena na tena, huku akinitazama kama niliyemwibia. Kisha akachukua jembe lake akahamia mwisho wa shamba, na hakunisemesha tena.

Hofu iliyonipata siku hiyo ilikuwa mpya kwangu. Nilikuwa nimeogopa kiu, nimeogopa chumvi. Sasa nilianza kuogopa kichwa changu mwenyewe. Kila nilipooga nililitamka jina langu ndani ya kata ya maji, midomo ikigusa maji, halafu nikajimwagia.

Miezi ikapita. Bi Mwanatumu akaanza kunitazama usoni. Nilipokanyaga mwiba aliutoa kwa sindano, akanisukuma kichwa kwa kidole kama mtu anayemkemea mtoto wake, kisha akashtuka, akauficha mkono ndani ya nguo. Nilimchimbia kisima nyuma ya nyumba, maji yakatoka pima sita, matamu. Alikaa ukingoni siku nzima akinywa kidogo kidogo.

"Mbaruku asingeweza kuchimba hiki," akasema. "Alitaka kuwa mwalimu. Walimwambia nafasi ya ualimu inashikwa na Mwalimu Makame. Mwalimu Makame aliondoka mwanangu akiwa bado ananyonya." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukiri kwa mdomo wake kwamba kuna aliyeondoka. Alitazama huku na huku, akarudi kunywa.

Mwaka wa pili, saa za alasiri, nikiwa barazani namenya mihogo, mtu alisimama uani. Alikuwa na ndevu zenye vumbi na kovu la moto kuanzia sikio hadi shingo. Aliniona nimekaa kwenye kigoda chake. Bi Mwanatumu akatoka ndani na sinia, akamwona, na sinia ikaanguka.

Alimkumbatia bila sauti. Niliona vidole vyake vikipapasa lile kovu, vikishuka, vikipanda tena.

"Mama, huyu nani?" Mbaruku akauliza.

"Huyu ni wewe," mama yake akasema. "Ingia ndani upesi."

Alitusimulia akiwa amejikunyata nyuma ya pipa la maji. Alikuwa amefika nchi ya mbali, akajenga kibanda cha kushona viatu. Miezi michache walimpenda, wakamwita fundi. Kisha mavuno yao yakawa mabaya, na watu wakasema mavuno yamelogwa na wageni. Wakafunga mlango wa kibanda kwa nje wakatia moto. Alitoka kwa kuvunja ukuta wa nyuma, na ule wa Tupowote aliuparamia gizani.

"Wateja wangu, Mama," akasema. "Mmoja alikuwa amevaa viatu nilivyomshonea mimi."

Hatukupata hata siku mbili za kumficha. Bi Riziki alimwona kupitia ua, na hofu aliyokuwa nayo ilimpeleka moja kwa moja kwa Mjazi. Simlaumu sana. Nilikuwa nimeshaona hofu hiyo inavyofanya kazi.

Tuliitwa watatu mbele ya Baraza, uwanjani, jua likiwa linapanda. Baraza la Tupowote lina pande mbili ambazo hazipatani. Upande mmoja unaitwa Hawakutoka, na mwingine unaitwa Wamezidi.

Mzee wa Hawakutoka alisimama kwanza. "Sheria inasema hakuna aliyetoka. Asiyetoka hawezi kurudi. Kwa hiyo mtu huyu hayupo, na tunapoteza muda kumzungumzia."

Msemaji wa Wamezidi akaruka. "Yupo, na huo ndio ubaya wenyewe! Wageni wametujaa, wanatumia maji yetu, wanaharibu lugha yetu!"

"Wageni gani?" akauliza wa kwanza. "Sheria inasema hatuna wageni."

"Ndiyo, hatuna," akakiri wa pili, "lakini wamezidi."

Walibishana hivyo mpaka vivuli vikafika miguuni. Nilisikiliza nikitafuta mmoja wao amuulize Mbaruku alikuwa wapi, au aliondoka kwa nini, au lile kovu alilipata vipi. Hakuulizwa. Watu wa uwanjani walitazama chini. Nusu yao, na pengine zaidi, walikuwa wa kujazia, na kila mmoja alikuwa akifikiria mtu fulani ambaye siku moja angeweza kusimama uani kwake.

Mwisho Bwana Fikirini akafunga daftari juu ya kidole chake. "Jina moja, mtu mmoja," akasema kwa ule upole wake. "Mmoja kati ya hawa ni ziada." Akanigeukia. "Wewe, unaitwa nani?"

Hapa ndipo ninapopaswa kusema ukweli, maana nimewasema wengine. Nilikuwa na jina langu. Nilikuwa nimelitunza kwenye maji kwa zaidi ya mwaka. Kama ningelisema, Mbaruku angebaki kwa mama yake. Niliutazama ule mlango mdogo, na weupe ulioonekana kupitia kwake.

"Mbaruku bin Shehe," nikasema.

Mbaruku wa kweli hakuniangalia. Alimwangalia mama yake, na mama yake alinitazama mimi. Sikuona chuki machoni mwake. Aliniona jinsi nilivyoutazama ule mlango, basi. Kisha Bwana Fikirini akamuuliza yeye, "Bi Mwanatumu, nani mwanao?"

"Nikisema huyu, mtamtoa yule."

"Ndiyo sheria."

"Na mnachotaka ni idadi itimie tu?"

"Hatutaki zaidi ya hilo, mama."

Akajifunga vizuri kitambaa chake. "Basi nitoeni mimi."

Mbaruku alipiga ukelele, askari wakamshika. Bwana Fikirini alifikiri, akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, uso wake ukatulia kama wa mtu aliyepata ufumbuzi wa hesabu ngumu. Akaniandika mimi kuwa Mbaruku bin Shehe. Na kwenye nafasi ya Mwanatumu binti Haji akamwandika yule kijana mwenye ndevu. Pande zote mbili za Baraza ziliridhika. Watu wakapiga makofi, kwa sababu jua lilikuwa kali na walitaka kwenda nyumbani.

Alitoka kwa mlango wa chumvi akitembea mwenyewe. Hakugeuka nyuma.

Alfajiri iliyofuata tulisimama uwanjani. Jina langu la kujazia lilisomwa, nikaitikia. Halafu Mjazi akasoma, "Mwanatumu binti Haji." Akasoma mara ya pili. Nilimwona Mbaruku akifungua mdomo na kuufunga, jasho likichuruzika kwenye kovu. "Nipo," akasema.

Mjazi akainua kichwa. "Kwa sauti yake."

Mbaruku akafumba macho. Akaitikia kwa sauti nyembamba ya mama yake, kiasi kwamba mwanamke mmoja nyuma yangu aligeuka kumtafuta Bi Mwanatumu.

Nyumbani nikamwambia, "Ndugu yangu, twende tukamfuate. Leo hii. Ana siku moja tu mbele yetu."

"Nje nimeshafika," akajibu. "Nje walifunga mlango wakatia moto. Mama kanipa nafasi yake. Nikiitupa, atakuwa amekwenda kwenye chumvi bure." Alikuwa amekaa penye ungo wa mtama, na mikono yake ilianza kupepeta. Nilimsihi mpaka sauti ikanikauka. Hakusema hapana. Alinyamaza tu.

Nilijaza vibuyu vinne kisimani, nikachukua sururu yangu, nikaenda mlango wa chumvi mchana kweupe. Nilitarajia mkuki. Walinzi wawili waliponiona ninakaribia waligeuka wakatazama ukuta. Sheria inasema hakuna anayetoka, kwa hiyo hawakuruhusiwa kuniona. Nilimgusa mmoja bega kwa wasiwasi, nikamuuliza kama ninaweza kupita. Ngozi yake ilisisimka, lakini hakugeuka. Muda wote ule ningeweza kutoka. Nilipita katikati yao nikihisi kwamba nimeshakufa.

Kwenye uwanda nilitembea pembeni ya ule mstari. Sikuwa nimeuelewa kutoka dirishani. Wale watu hawakufungwa, na hakuna aliyewalinda. Walikuwa wakingoja nafasi itokee, waitwe tena ndani kwa jina lolote. Kila mmoja aliogopa kuinuka asije akapoteza zamu. Wengi walikuwa wamekufa wakiwa wamekaa, chumvi imewakaza, na walio hai walikaa nyuma yao bila kuwapita.

Bi Mwanatumu alikuwa wa mwisho. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Kunywa," nikamwambia. "Kunywa, halafu tuondoke."

Alikunywa. Kisha akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Na nafasi ikitokea? Nikiitwa nisionekane?"

Nilitazama nyuma, mstari mzima, na ukuta ulivyokuwa mdogo kule mwisho. Kwa muda mfupi, na naogopa kuliandika hili, niliona mantiki yake. Nilitamani kukaa. Miguu yangu ilianza kukunjika yenyewe. Nilichukua sururu nikaipiga chini kwa nguvu zangu zote ili nisikie sauti ya kitu, nikambeba mgongoni, akinipiga piga mabegani na kuniambia nimrudishe. Nilipiga kelele kuwaita wengine. Waliogeuza vichwa walikuwa watatu. Aliyeinuka hakuwapo.

Siku ya tatu chumvi iliisha, yakaanza mawe. Nikachimba pima mbili chini ya kilima, yakatoka maji ya magadi, yakatosha kutufikisha.

Sasa tunaishi Kiungoni, mji mdogo usio na lango. Wenyeji si malaika. Wapo wanaosema tumewaongezea foleni sokoni, na ninapowasikia mwili wangu unakuwa wa baridi, nahesabu milango ya nyumba. Lakini wanahitaji visima, na wananiita kwa jina nililozaliwa nalo. Bi Mwanatumu ananiita Ngwali. Nilimwomba msamaha kwa jibu nililotoa siku ile. Alisema hajanisamehe bado, kisha akaniuliza kama nimekula.

Mwezi uliopita aliingia mjini kijana mmoja, midomo imepasuka kwa chumvi. Alikuwa ametoroka Tupowote. Nilimletea maji, nikamuuliza alijaza jina la nani.

"Mbaruku bin Shehe," akasema. "Walinipa nyumba yenye kisima, niishi na mama yangu."

Bi Mwanatumu alikuwa jikoni. Niliona mgongo wake ukikakamaa.

"Mama yako yukoje?" nikauliza.

Kijana akasita, akatazama pembeni kama watu wa kule wanavyofanya. "Ni mwanamume. Ana kovu hapa. Lakini anajifunga kitambaa, anapepeta mtama, anaitikia vizuri sana. Siku hizi hata nyumbani anaongea kwa sauti ile ya kizee. Mgongo umeanza kupinda. Nilimwambia tutoroke wote. Alisema yeye ni mzee, hawezi safari."

Bi Mwanatumu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Nilidhani angeanguka, nikanyoosha mikono. Alimsogelea yule kijana, akachuchumaa mbele yake.

"Anakula?" akauliza. "Niambie, baba. Huko peke yake, anakula?"

Kijana akanitazama. Nikamwambia, "Huyu ndiye Mwanatumu binti Haji."